Paipu Iliyonyooka ya Mama Talaso

Watu wa Isiolo wakitaka kujua kama nyumba imefanywa na mtu anayejua kazi, hawaangalii geti wala rangi ya mabati. Wanaingia jikoni, wanaziba sinki, wanafungua mfereji mpaka ijae, halafu wanatoa kizibo na kusikiliza. Sinki nzuri inameza maji kimya kimya, na mwisho inakohoa mara moja kama mzee aliyeshiba. Sinki mbaya inalia. Za kwangu hazilii. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mimi nimejisifu miaka yote hii na maji yangu yako pale pale nilipoyaweka. Niliacha shule darasa la sita. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara kuu, nina pikapu zenye jina langu mlangoni, na nina wafanyakazi ambao wengine wana vyeti vya chuo. Cheti changu ni sinki. Nenda nyumba yoyote niliyogusa, chungulia chini, upapase nati kwa kidole. Kidole kitarudi kikavu.

Kwa hivyo Wario aliponipigia simu mwezi uliopita, akasema salaam aleikum fundi, mama ametuacha, tumemzika jana, watu wamejaa nyumbani na sinki imegoma, tafadhali tuma kijana mmoja, nilimwambia natuma. Halafu nikakaa kwenye kiti changu nikiangalia barabara. Lori la mbuzi lilipita, likaacha harufu yake, na ile harufu ikanitoa kwenye kiti. Nikainama chini ya kaunta nikachukua spana ya zamani, ile iliyoliwa na kutu kwenye mkono, ambayo vijana wangu huitumia kuzuia mlango. Mmoja wao akaniuliza, "Mzee, leo unaenda mwenyewe? Kwani ni kwa gavana?" Nikamwambia ni kwa mtu mkubwa kuliko gavana. Wakacheka. Sikuwakataza. Hawakujua kwamba nilikuwa naenda mtaa wa Chechelesi, kwenye nyumba ambayo nimepita nje ya geti lake karibu kila wiki ya maisha yangu ya utu uzima bila kuingia.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule niliokaa katika nyumba hiyo. Nilikotoka kabla ya hapo, na baba yangu alikuwa nani, hayo yana mahali pake. Nilishuka kutoka upande wa Meru na spana moja, msumeno wa chuma wenye meno mabovu, na mwili ambao wanawake walikuwa wakigeuka kuutazama. Hilo la mwili nalisema mwenyewe kwa sababu leo tumbo limeficha ushahidi. Lami ilikuwa haijapita kwenda kaskazini. Mji uliishia ghafla, na baada ya hapo ilikuwa ni vumbi na ngamia. Mama Talaso alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa mifugo, Mborana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupandishwa. Alinipa chumba cha mabati kilichoegemea ukuta wa jiko lake, nami nikawa namfanyia kazi za nyumba: mlango ulioanguka, paa lililovuja, na hasa maji. Wario, mtoto wake mdogo, alikuwa shule ya bweni na sikumwona sana. Nyumbani walibaki mama na binti yake mkubwa, Talaso.

Jiko lile nalijua hadi leo kuliko jiko langu. Lilikuwa na dirisha moja la mbao lililotazama uani, rafu ya sufuria zilizosuguliwa kwa majivu mpaka zinang'aa, kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na harufu ya samli ambayo ilikuwa imeingia kwenye kuta. Sinki ilikuwa chini ya kitanda cha mama. Marehemu mumewe alikuwa ameileta kutoka Nairobi juu ya lori lililorudi tupu baada ya kupeleka ng'ombe, akafa kabla ya kuiweka, na mjane akaihifadhi pale pamoja na viatu vyake. Siku nilipoitoa na kuifuta vumbi alisimama mlangoni akiitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa sana. Nikapima, nikatoboa ukuta, nikapanga vifaa vyangu sakafuni kwa mpangilio, maana hata wakati huo nilijua kwamba mwenye nyumba humwamini fundi kwa jinsi anavyopanga vyombo. Mama Talaso akainama, akaokota ile kona, kipande cha paipu kilichopinda ambacho hukaa chini ya kila sinki.

"Hii ni ya nini?"

"Inabaki na maji ndani, mama. Inazuia harufu isipande."

"Maji inabaki? Mpaka lini?"

"Siku zote. Kidogo tu, pale kwa tumbo."

Akaigeuza mkononi. "Maji inalala hapa siku zote. Mimi siinywi. Mbuzi hainywi. Mti haipati. Sasa hiyo ni maji ya nani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. "Ni ya paipu, mama."

"Paipu ako na watoto?"

Nyuma yake, kwenye kivuli cha mlango, kuna mtu alicheka. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Talaso kabla ya kumwona vizuri. Mama yake akaniwekea ile kona mkononi na kusema, "Toa. Paipu inyooke mpaka nje, mbuzi wakunywe."

Sasa nieleze, kwa sababu vijana wa leo watadhani alikuwa mama mkaidi tu. Alikuwa amezaliwa kwenye visima vya Borana, vile virefu sana, ambapo watu husimama kwenye ngazi za udongo mmoja juu ya mwingine na kurushiana ndoo huku wakiimba, mpaka maji yafike juu na kumwagwa kwenye naniga, hori la udongo wanalonyweshea mifugo. Kwake sinki ilikuwa naniga iliyopanda ukutani. Aliniambia naniga haijazwi mpaka mdomo. Inajazwa mpaka vidole vinne chini ya mdomo, kwa sababu ng'ombe akiingiza kichwa maji hupanda, na ukiwa umejaza yatamwagika, na wanaosubiri nyuma watapata matope. Akaweka vidole vyake vinne kwenye ukingo wa sinki na kuchora mstari kwa mkaa. "Hapa. Isipite hapa." Maji ya mji yalikuwa yakija kwa zamu, mara nyingi alfajiri, na watu waliacha mifereji wazi ili wasikose, halafu wakaamka na kukuta jiko limegeuka bwawa. Mimi nilichukua drili ya kuzungusha kwa mkono, nikatoboa tundu kwenye chuma juu ya ule mstari wa mkaa, nikalainisha kwa tupa, nikaunganisha mpira mwembamba mpaka kwenye mtungi uliokaa chini. Sinki ikifika vidole vinne, maji ya ziada yanaingia mtungini safi, hata tone halianguki. Hakuna aliyenifundisha hilo. Wanawake wa mtaa walikuja kuliona, wakasimama wakingoja maji yafike kwenye tundu, na yalipoanza kuteremka mtungini wakasema mashallah. Nilisimama kando nikijifanya nakunja tepu.

Upande wa nje nilijenga hori la simiti chini ya mdomo wa paipu, kando tu ya chumba changu. Maji ya sabuni hayakuingia kwenye sinki ile; vyombo vilisuguliwa kwenye karai, na karai likamwagwa nje ya geti. Kwenye sinki ilikuwa ni kusuuza tu. Talaso alikuwa anaziba, anajaza mpaka kwenye alama, anasuuza sahani na vikombe vyote katika maji hayo hayo, halafu anatoa kizibo, na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa uani wanainua masikio. Ndipo nami nilipokuwa nakaa mchana nikitoka kazini, kwenye kile kivuli kati ya ukuta na hori, kwa sababu simiti iliyolowa hupoza hewa na Isiolo saa nane mchana haina mahali pengine pa baridi. Nilikuwa naletewa mkate wa anjera kwenye sahani ya bati na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia yenye chumvi kidogo na moshi. Talaso aliiweka juu ya jiwe, akasema "Chakula, fundi," akaondoka bila kuinua macho. Nikala. Na siku moja nikiwa bado natafuna, maji yakaja, yakamwagika horini, yakaisha, paipu ikakohoa, na baada ya kikohozi nikasikia sauti ya Mama Talaso kwenye sikio langu, karibu kabisa, kana kwamba amekaa juu ya lile jiwe.

"Huyo fundi wako anakula kama ngamia ametoka Garbatulla."

"Si wangu, mama."

"Ni wa nani basi? Mimi ndiyo naongeza yeye nyama ya nyirinyiri?"

Niligeuka, hapakuwa na mtu. Nikainama nikatazama mdomo wa paipu. Pale ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimejenga. Paipu iliyonyooka, haina kona, haina maji ndani ya kuziba njia, kutoka kwenye sinki mpaka kwangu, na jiko lenye kuta za mawe linalorudisha kila neno. Kizibo kikiwa ndani, kimya. Kizibo kikitoka, yanakuja maji kwanza, halafu mazungumzo.

Sijui nikueleze vipi miezi iliyofuata. Nimekaa katika hoteli Nairobi ambako wanakufungulia mlango, nimekula kwenye meza na waheshimiwa, na sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale, mgongo kwenye ukuta wa moto, miguu kwenye simiti iliyolowa, nikingoja paipu ikohoe. Nilisikia bei ya mbuzi ikilaaniwa. Nilisikia habari ya jirani aliyevaa kanzu ya marehemu kaka yake ikamfika magotini. Nilisikia Talaso akiimba kwa Kiborana, sauti nyembamba, akikatiza wimbo kugombana na moto. Walikuwa wakichanganya Kiborana na Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mji, na kwa miezi ile nilijifunza maneno mengi kuliko niliyofundishwa na mwalimu yeyote. Nilijua Talaso hapendi kufungwa nywele kwa kubana sana. Nilijua alikuwa amemaliza shule na barua ya chuo ilikuja baba akiwa tayari kaburini. Nilijua anaogopa ngurumo. Nilijua haya yote juu ya mtu ambaye hakuwa amewahi kunitazama usoni kwa muda wa kumeza mate. Na nikianza kuondoka nilisikia hili pia, mara kwa mara, likisemwa kwa Kiswahili kilichonyooka hata wakati mengine yote yalikuwa kwa Kiborana: "Leo fundi amevaa shati ya blu. Inamkaa." Nikajiambia ni bahati tu kwamba nimesikia. Nilinunua shati lingine la bluu.

Halafu jina la Garbatulla likaanza kuingia kwenye paipu bila ngamia. Kulikuwa na familia huko, watu wenye mifugo mingi na heshima, waliofanya biashara na marehemu. Walikuwa na mtoto wao, Galgalo. Wajomba wa Talaso walikuwa wamempenda. Mama hakusema amempenda wala hakumpenda, alisema, "Ni mtu wa watu." Siku kadhaa sahani zilisuuzwa bila wimbo. Kisha mchana mmoja, upepo ukiwa umetulia, nikasikia Talaso akisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma kwa sauti:

"Na kama kuna mtu mwingine angekuja mwenyewe?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Nikasikia mama akiweka kikombe. Nilikuwa nimeshika kipande cha anjera na mkono ukabaki hewani. "Mtu tu akuje," akasema. "Aongee na wajomba, aende kwa sheikh, akae chini afundishwe dini, tumwone. Mimi sijafunga mlango. Lakini kisima ikiwa refu, mtu wa chini lazima aimbe. Asipoimba, sisi wa juu tunajuaje kama ako hai?"

Mbuzi mmoja alipiga chafya. Ningeweza kusema neno moja tu pale nilipokaa, nalo lingepanda kwenye paipu na kutokea kwenye sinki katikati yao. Nimelifikiria sana jambo hili. Ujana wangu wote nilikuwa na maneno mengi. Uliza yeyote niliyefanya naye kazi kama nimewahi kukosa la kusema kwa mteja, kwa askari wa kanjo, kwa mwenye duka. Pale niliinama nikamaliza chakula. Nilikuwa na chumba cha mabati ambacho si changu na spana moja, na yule wa Garbatulla alikuwa na ngamia wasiohesabika. Nikajiambia, ngoja kwanza uwe mtu. Nilikuwa wakati wote nikijiambia ngoja uwe mtu. Nimekuwa mtu sasa. Njoo uone duka.

Siku ya wageni wa Garbatulla ilipokaribia, jiko likaanza kunuka. Kiangazi kilikuwa kikali, hori lilikuwa limeota ukijani, mbuzi walikuwa wamelikojolea, na ule upepo wa Isiolo unaopiga kutoka tambarare ulikuwa unaingia kwenye mdomo wa paipu na kupanda moja kwa moja hadi jikoni. Sinki ilikuwa inapiga mluzi na kutoa harufu ya zizi. Mama Talaso alisimama mbele yake na upande wa shuka puani. Hakuwa mtu wa kusema alikosea, na hakusema. Alisema tu, "Fundi, ile maji ya paipu. Basi, iache paipu ikuwe na watoto yake." Kisha akaenda soko la mifugo kuchagua mbuzi wa kuchinja, akaniambia iwe tayari kabla ya adhuhuri.

Nililala chini ya sinki mgongo sakafuni, mlango wa jiko ukiwa wazi kama adabu inavyotaka, na nikakata paipu. Nikasikia kandambili za Talaso zikisimama kwenye kizingiti.

"Hiyo ndiyo kona?"

"Ndiyo hii."

"Inafanya nini hasa?"

Mtu akiniuliza juu ya kazi yangu mimi husahau kila kitu kingine. Nikamweleza vizuri, nikimwonyesha kwa kidole. Maji yanateremka hapa, yanapanda hapa, na yale ya mwisho yanabaki kwenye tumbo. Yanakuwa mlango. Harufu ikija inakuta pamefungwa. Upepo vilevile. Mende vilevile.

"Na sauti?"

Nikaacha kukaza nati.

"Sauti pia," nikasema.

Kutoka pale chini niliona miguu yake tu, na ukingo wa dera lake, na hina ambayo walikuwa wameanza kumpaka kwenye vidole, bado nyepesi. "Fundi," akasema, "mimi nilikuwa natoa kizibo na mkono yangu. Hakuna siku ilitoka yenyewe."

Maji machache yaliyobaki kwenye paipu yakanidondokea kifuani. Nikayaacha.

"Mama amesema iwe tayari kabla ya adhuhuri," nikasema.

"Mama amesema. Na wewe unasema?"

"Mimi ni fundi tu, Talaso."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake mbele yake. Akaja mpaka kwenye sinki. Nikaona miguu ikisimama karibu na bega langu. Akaziba, akafungua mfereji, akajaza taratibu mpaka vidole vinne, nikasikia maji yakianza kuingia mtungini, akafunga. Nikakaza nati ya mwisho kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana, si zaidi, kwa sababu plastiki ukiikaza kwa hasira inapasuka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akatoa kizibo. Maji yote yakapita juu ya uso wangu ndani ya ile kona, laini, bila kelele, bila tone, na mwisho ikakohoa mara moja kama inavyotakiwa. Nikapapasa kila nati. Kavu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kwa kitambo kidogo nilifurahi kwa kazi safi. Nilipotoka chini ya sinki hakuwepo. Nikazunguka nje nikakaa mahali pangu, nikaweka sikio kwenye mdomo wa paipu. Ndani nilijua wanawake wameshaanza kuingia, nilikuwa nimeona viatu vyao vimejaa mlangoni, na lazima walikuwa wakiongea wote kwa pamoja. Sikusikia hata pumzi.

Wageni walikuja na kahawa na tumbaku kama desturi yao inavyodai, wakaketi, wakala. Wazee walitafuna buni zilizokaangwa kwa samli mpaka midomo ikang'aa. Galgalo alikuwa mtu mzuri. Ningependa kukuambia vingine. Alinisalimu kwa mikono miwili, na akiwa anaenda kunawa alisimama kwenye sinki, akatazama lile tundu na ule mtungi, akauliza ni nani amefanya. Nikasema ni mimi. Akasema akijenga nyumba Garbatulla atanitaka nikamwekee kama hii. Nikamwambia barabara ya huko ni mbaya. Tangu siku hiyo pikapu zangu zimefika Marsabit na Moyale, zimevuka mito iliyofurika, na kila kazi ya Garbatulla nimetuma mtu. Harusi ilipopita nilihama Chechelesi. Mama Talaso aliniaga getini. Akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema, "Wewe ulikuwa chini sana, fundi." Nilidhani anasema juu ya kulala chini ya sinki. Sasa nadhani alijua kila kitu kuhusu ile paipu kutoka siku ya kwanza. Alikuwa mtu wa visima. Mtu wa visima anajua sauti inapandia wapi.

Basi mwezi uliopita nikaingia kwenye geti lile. Uani palijaa viti vya plastiki na turubai, na wanaume wamekaa wakinong'ona. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina aliinuka akanisalimu kwa mikono miwili, Galgalo. Nikampa pole ya mkwewe. Chumba changu cha mabati hakipo tena, ila hori la simiti lipo, limepasuka upande mmoja, na majani yameota kwenye ufa. Jikoni wanawake walinipisha. Sinki ilikuwa imejaa maji ya mafuta mpaka kwenye alama ya vidole vinne, na hayakupita hapo. Ya ziada yalikuwa yakidondoka mtungini, kwenye tundu langu lile lile. Kizibo kilikuwa kimening'inia ukutani. Pembeni alisimama mwanamke mwenye miwani, shela jeusi, mikono imekunjwa kwenye viwiko, akinitazama usoni waziwazi kama wanavyotazama watu waliomaliza umri wa kuona haya.

"Fundi. Umenona."

"Ni biashara, mama," nikasema. "Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa." Talaso akatazama tumbo langu, akatazama chini ya sinki. "Utaingia hapo?"

"Nitaingia."

Niliingia. Sitasema ilivyokuwa. Nikaweka karai chini ya kona, nikapapasa nati kabla ya kuzigusa, na kidole kikarudi kikavu. Miaka yote ile. Hakuna tone lililowahi kupita. Mikono yangu imefanya kazi nyingi ambazo watu wamezisifu, ila sijawahi kufanya nyingine nzuri kama ile, na nikiwa nimelala pale sikujua nijivunie au nifanye nini. Nikafungua. Maji yakashuka kwenye karai yakifuatwa na kile kilichoziba: buni nyeusi na samli iliyoganda, za wageni wa msiba, zimejazana tumboni mwa kona kama udongo wa kichuguu. Nikaisafisha kwa kidole na kijiti mpaka ikawa nyeupe. Nikasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, "Kuna mtu asimame nje, aangalie kama njia iko wazi."

"Mimi," akasema. Nikaona miguu ikitoka.

Nilibaki na kona mkononi. Wale wanawake wengine walikuwa wameenda na sinia, jiko lilikuwa tupu. Mbele ya uso wangu kulikuwa na mdomo wa paipu, duara jeusi, na mwisho wake mwanga kidogo wa uani. Nikasikia vumbi likikanyagwa. Nikasikia pumzi ya mtu anayeinama akiwa na magoti mabovu. Halafu ikaja, karibu na sikio langu kabisa, nzito kidogo kuliko zamani, na bila haraka.

"Umemaliza?"

Kona ilikuwa safi. Nati zilikuwa juu ya kifua changu. Palibaki kuifunga tu, robo mzunguko, na kikombe cha maji cha kujaza lile tumbo. Nikageuza uso, nikaweka mdomo wangu kwenye paipu.

"Bado," nikasema.

Kisha nikasikia mtungi mtupu wa plastiki ukiburutwa kwenye simiti, ukawekwa karibu na hori, na mtu akaketi juu yake.